Mara Moja Badala ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Loresho. Nimeketi dirishani tangu asubuhi, siwezi kutulia. Nikae, nisimame, nikae. Daktari anasema zimebaki wiki. Hasemi ngapi.

Ekta alipiga simu. Mwanafunzi wangu wa mwisho, sasa ana maabara yake mjini. Wanaanza kujaribu kipimo changu kwenye vipande vya uvimbe vya wagonjwa halisi. Ameomba kile nilichokatwa kifuani kiwe cha kwanza — kwa heshima yangu. Nikakubali haraka mno. Binti yangu Janice alilia kwa furaha. Mimi nilimwomba aniache peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Niandike basi, kabla vidole havijakataa.

Miaka kumi na mitatu iliyopita. Chembe za dhahabu, ndogo ajabu, kwenye chupa zinaonekana nyekundu kama divai. Juu yake tunafunga aptama: kiuzi kifupi cha DNA kinachojikunja na kuishika seli ya saratani, seli isiyo na ugonjwa kinaiacha. Unazimwagia seli chembe hizo, unaosha mara tatu. Kilichoshika kinabaki, na chini ya hadubini seli inang'aa. Slaidi za kulinganisha, vioo vyenye seli zilezile, zinapewa kiuzi kilichovurugwa, kisichoshika kitu. Hizo lazima zibaki giza.

Siku ile mifereji ilikauka. Maji safi ya maabara yalitosha kuosha slaidi za kulinganisha mara tatu. Zile nyingine — mara moja tu. Ziling'aa kama mtaa wa Parklands usiku wa taa za Diwali! Dalmas, fundi wangu wa maabara, akasema: "Madam, hiyo ni dhahabu haijaoshwa. Turudie maji yakikuja."

Maji yalikuja Alhamisi. Picha nilikuwa nimeshaituma kwenye jarida la sayansi Jumatano. Na kwenye maelezo nikaandika: slaidi zote, osha mara moja.

Wanasayansi wengine waliporudia jaribio, slaidi zao za kulinganisha ziling'aa pia. Wakaniuliza. Nilisema mkono wa fundi wangu ni mchafu. Mkataba wa Dalmas haukuongezwa.

Sasa madaktari wa upasuaji watafuata mng'ao huo. Watakata palipo pazima. Wataacha palipo na ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Adams Arcade. Janice aliendesha, nikabaki garini. Nilisikia Dalmas anatengeneza miwani pale. Alikuja dirishani mwenyewe, kichwa cheupe, akicheka. Akaniuliza hali, akauliza kama bado nawagombeza watu. Kisha akaichukua miwani yangu usoni bila kuomba ruhusa.

"Ai, Madam. Na uchafu huu unaona watu kweli?"

Akaifuta, akaipuliza, akaifuta tena. Akanivisha polepole kama mtoto. Nilikuwa na sentensi moja tayari, nimeikariri tangu barabara ya Waiyaki Way. Nikasema asante. Asante!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga namba ya Ekta mara mbili, nikakata kabla haijaita. Woga tu. Katika umri huu, kwa mwili huu — naogopa nini?

Jumamosi, 8 Machi

Ekta yuko hapa. Naandika akiwa jikoni na Janice, wanachemsha chai.

Aliweka kompyuta mapajani mwangu. Seli zangu. Zinawaka ukingo hadi ukingo. Anasema Jumatatu wanaanza na wagonjwa kumi na wawili, daktari wa upasuaji ameshaiona picha na amefurahi.

Nikauliza: "Mmeosha mara ngapi?"

"Mara moja, Prof. Kama ulivyoandika."

Nikauliza za kulinganisha je. Akatikisa mkono kama anafukuza nzi. Hizo pia ziling'aa, akasema, lakini ni kosa la fundi wake, Jackton, mkono wake mzito. Kwanza alibishana! Akataka warudie, waoshe zaidi. Amemwambia Jumatatu asije. Akacheka. "Si ulinifundisha mwenyewe, Prof? Picha ikikataa, angalia fundi."

Sikumbuki kumfundisha hivyo. Lakini alikuwepo siku ile nilipomsema Dalmas. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amesimama mlangoni na daftari lake, anaandika.

Nimemtuma aongeze tangawizi kwenye chai ili nipate dakika tano. Nimelitoa daftari langu la maabara chini ya mto. Ukurasa wa siku ya mifereji, mwandiko wa Dalmas uko ukingoni: haijaoshwa. Nimeufungua, nimeuweka juu ya kompyuta, picha haionekani tena.

Vikombe vinagongana kwenye sinia. Janice ameingia kwanza. Anataka kutuacha tuzungumze mambo yetu ya kisomi. Nimemwambia afunge mlango akiwa ndani, akae, asikie naye. Ekta anaweka sinia. Ameuona ukurasa. Anainama, anasoma neno la Dalmas. Naweka kalamu chini, niwaambie wote wawili.