Sidiria ya Kuruta

12 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Shemeji kikohozi kimepungua? Mimi mzima, ila nimejaa hasira mpaka kooni. Simu wametunyang'anya hadi mafunzo yaishe, kwa hiyo utanivumilia kwa barua.

Dada, zimamoto naiweza. Ngazi napanda, mpira wa maji nauburuta kuliko wanaume kadhaa wa hapa. Kinachonishinda ni mbio, na si miguu, ni kifua. Unakijua, ni cha ukoo. Kila hatua matiti yanapanda na kushuka mpaka natokwa machozi kwa maumivu. Navaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, na bado. Jana nilikimbia nimejikumbatia. Mkufunzi wetu, tunamwita Kipyenga kwa sababu hicho kipyenga hakimtoki mdomoni, akanisimamisha mbele ya kikosi kizima: "Wewe kuruta, hao mapacha ungewaacha nyumbani!" Wakacheka wote.

Madukani nimezunguka mpaka visigino vimeisha. Sidiria za mazoezi zipo, za wasichana wenye vifua vya ndimu. Muuzaji mmoja kanitazama juu mpaka chini, kaniambia nijaribu duka la mapazia.

Mwisho wa Aprili kuna mtihani wa mbio. Nikishindwa, zimamoto ndiyo basi. Wewe ndiye fundi cherehani, nishonee. Vipimo vyangu viko nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako,
Chiriku

20 Februari

Chiriku wa dada,

Marahaba. Sisi tupo, shemeji yako anakohoa na anagombana na dawa.

Barua yako niliisoma kwa sauti nikiwa kwenye cherehani, mteja akadhani namtukana yeye. Mapacha! Kwani huyo Kipyenga yeye hakunyonya? Na huyo wa mapazia, shukuru Mungu niko mbali.

Nimekushonea. Kitambaa laini kinachovutika, kamba nyembamba za mabegani, mshono hauonekani. Ya kukimbilia sijawahi kushona, lakini nguo ni nguo, na vipimo vyako nimevifuata kama ulivyoviandika. Ivae, umzibe mtu mdomo.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Za nyumbani leo sitauliza, utanisamehe.

Hiyo sidiria yako imenidhalilisha. Kabla ya kona ya kwanza kamba zilishanichimba mabega. Kona ya pili vikulabu vya nyuma vikafyatuka, pa! Kipyenga akapiga kelele kwamba mapacha wametoroka. Dada, wewe umezoea kushonea mabibi harusi wanaosimama wapigwe picha. Mimi sisimami! Nguo ni nguo? Ndiyo hii nguo?

Tangu siku hiyo najifunga bendeji ya zahanati, raundi kwa raundi, mpaka kifua kimekuwa ubao. Matiti yametulia, ila pumzi haiingii. Juzi nilianguka uwanjani, nikazinduka muuguzi ananipepea. Kipyenga anasema kazi ya kupokea simu ipo, ya kukaa kwenye kiti. Nimekaribia kukubali.

Mdogo wako

15 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Itoe hiyo bendeji. Itoe sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma. Unataka tukuzike kwa ajili ya filimbi ya mtu?

Barua yako ilinifanya nifure. Nikachukua futi nijipime mwenyewe, nilinganishe na vipimo ulivyonitumia. Eti kifua changu kinakizidi chako, tena kwa mbali! Chiriku! Tunaazimana blauzi tangu uko shule! Umepunguza vipimo. Umemdanganya fundi, tena fundi mwenyewe dada yako niliyekubeba mgongoni nikakuogesha. Ulimwonea aibu nani, futi? Mficha uchi hazai. Halafu vikulabu vikifyatuka, mjinga ni mimi!

Mtafute kuruta mwenzako wa kike akupime. Chini ya matiti, kwenye mbavu, na katikati yake, pale palipojaa. Upumue kama mtu, usijibane. Uniandikie ukweli, la sivyo tafuta fundi mwingine.

Dada yako, na nimekasirika

24 Machi

Dada,

Shikamoo. Bendeji nimetoa. Vipimo vya kweli viko chini ya barua. Kanipima mwenzangu anayelala kitanda cha juu, na hakucheka.

Nilipunguza kwa sababu niliiona ile namba nikamsikia mama: "Inama kidogo, mwanangu, jifunike, watu wanaangalia." Mkono ukaandika nyingine wenyewe. Dada, nimeinama tangu nivunje ungo, mgongo umechoka. Nisamehe kwa uongo. Lakini zile kamba bado sijakusamehe.

Mdogo wako

10 Aprili

Chiriku,

Hujambo mdogo wangu? Mbavu haziumi tena? Shemeji yako kapona, sasa anakoroma badala ya kukohoa.

Kuhusu kamba una haki ya kununa. Mzigo wote niliuning'iniza mabegani, nikasahau kuwa ndoo haibebwi kwa uzi. Nimeshona, nimefumua, nimeshona tena. Hii mpya, uzito umekaa kwenye mkanda mpana unaozunguka mbavu. Ukivaa ukaona mkanda umepanda mgongoni, kaza kikulabu. Kila titi lina kikombe chake, halikandamizwi kwenye mwenzake. Kitambaa cha mbele hakivutiki hata ukikivuta kwa meno. Sura haina, nakwambia mapema.

Nilishona mbili, maana safari hii sikutaka kukutumia kitu nisichokijaribu. Nikaivaa yangu, nikatoka kukimbia uchochoro wa nyuma ya duka. Mama muuza mkaa akaniuliza nafukuzwa na nani. Nikafika mwisho wa uchochoro, hakuna kinachouma. Nikaendelea. Nimekwenda mpaka kwenye reli, mimi, mama wa watoto wanne!

Nikakaa pale kando ya reli, na badala ya kufurahi nikashikwa na hasira, Chiriku, hasira ya kulia kwa sauti. Mara ya mwisho nilikimbia nikiwa darasa la saba. Miaka yote hii nilidhani sipendi kukimbia. Nilikuwa naumia tu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kuwa dawa yake ni nguo.

Nenda ukapite huo mtihani. Usiponiandikia nitajua umeshindwa, nitakuja kukuchukua.

Dada yako

30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, tena shikamoo kwa miguu yote miwili. Watoto wabusu, shemeji mwache akorome.

Nimepita!

Sikuwa wa kwanza, usianze kutangaza mtaani. Nilikuwa katikati ya wenzangu, mgongo umenyooka, mikono inafanya kazi ya mikono. Matiti yalikaa mahali pake. Dada, kumbe wenzangu siku zote walikuwa wanakimbia hivi! Nilikasirika katikati ya mbio mpaka nikaongeza mwendo.

Nilipomaliza, Kipyenga akatoa filimbi mdomoni, akanipigapiga bega. "Kumbe unaweza, kuruta. Ungejitahidi hivi tangu mwanzo tusingesumbuana."

Nilijua napaswa kusema ndiyo afande. Mdomo ukakataa. Nikamwambia, kwa sauti ya uwanja mzima kusikia, "Afande, juhudi ni ile ile. Mwanzo nilikuwa naumia, na wewe ulikuwa unacheka."

Akaniangalia, akawaangalia wenzangu, masikio yakamwiva. Akasema huo ni utovu wa nidhamu, nizunguke uwanja tena peke yangu. Mwenzangu wa kitanda cha juu akatoka kwenye mstari, akasema na yeye ana utovu wa nidhamu. Akaanza kukimbia kando yangu, amejikumbatia kifua kwa mikono miwili, uso umekunjamana kwa maumivu. Siku zote hizi alikuwa hivyo, dada, na mimi nilidhani niko peke yangu.

Sidiria yake uikate leo. Vipimo nimempima mwenyewe, ni vya kweli.

Mdogo wako, zimamoto