Ufunguo wa Chumba Namba Tano

Jumatatu, 1 Septemba
Nimehesabu funguo ukutani kabla ya chai. Tisa zinaning'inia. Vyumba tisa kati ya kumi na sita vimelala vitupu. Upande wa pili wa mtaa, hotelini kwa mdogo wangu Elia, basi limeshusha wageni na masanduku yao ya magurudumu. Vyumba themanini! Juzi juzi tu alikuwa na gesti ndogo kuliko yangu. Akaenda mjini Posta, kwenye maofisi makubwa, akasaini na kampuni yenye hoteli nchi kibao, wakampa jina lao, benki ikampa ghorofa. Wageni hawamjui Elia. Wanalijua jina, wanalipia kwenye simu wakiwa bado kwao.

Wivu unanila. Nimeandika, basi.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekwenda kunywa chai kwa Elia. Si kwa mapenzi. Milango inafunguliwa kwa kadi. Mgeni akiondoka, kadi inazimwa. Nikapiga picha karatasi ya masharti pale mapokezi. Hakuna mizigo koridoni. Hakuna kupika. Mwisho wa kutoka saa nne asubuhi. Hamisi, mtu wangu wa mapokezi, kabandika kwangu vilevile, neno kwa neno.

"Mama, na wale wa Moroni?"

Nikamwambia hoteli ni masharti.

Wale wa Moroni, kule Komoro, ni Mama Salima na wenzake sita. Kila mwezi wanakuja kununua vitenge na vyombo hapa Kariakoo. Vyumba saba, wiki nzima. Marobota koridoni, wali jikoni kwangu. Miaka kumi na moja sasa. Bila wao nyumba hii nauza.

Jumamosi, 13 Septemba
Wamefika. Mama Salima kasoma karatasi akiwa amesimama, mkoba begani. Kaisoma tena.

"Mama Joshua, hapa siku hizi pa nani?"

Nikasema tumeboresha.

"Haya. Kama masharti ni yale yale, bora kule kuna lifti."

Wamevuka mtaa wote saba. Hata soda sikuwahi kuwafungulia.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani Elia kakaa mbele yangu. Shati jipya. Nimemwombea hasara. Sikuona haya mpaka nilipofika nyumbani.

Jumanne, 16 Septemba
Marobota ya Mama Salima yako barabarani, mbele ya hoteli ya Elia. Mlinzi kayakataa. Nimesimama dirishani, nimefurahi kama mtoto.

Kisha Elia kavuka, jasho linamtoka.

"Dada, nihifadhie mizigo yao. Kampuni haitaki hata robota moja ndani. Mimi pale hata pazia naomba ruhusa."

Wahamie kwangu, basi? Haiwezekani. Wameshalipia wiki nzima na kampuni hairudishi. Mizigo kwangu, wageni kwake. Thubutu! Nilitaka kumtimua. Lakini mikokoteni ilikuwa inapita karibu kuyakanyaga, na Mama Salima kayakalia, kajitanda khanga kichwani, jua kali. Nikasema leteni. Hamisi kabandua ile karatasi kabla sijamwambia.

Alhamisi, 18 Septemba
Wanalala kwa Elia, wanashinda kwangu. Korido haipitiki. Leo wamepika wali wa nazi. Elia kavuka na tai yake shingoni, kala sahani mbili ameketi juu ya robota. Kwake hata kijiko chake mwenyewe hawezi kukiingiza jikoni. Bado namwonea wivu. Vyumba themanini vinaniuma palepale. Ukoko nimempa yeye, hata hivyo.

Jumamosi, 20 Septemba
Wameondoka asubuhi kwenda bandarini. Korido imefagiwa, imekuwa pana kupita kiasi. Mama Salima kanishika mkono, kashukuru. Hakusema mwezi ujao atafikia wapi. Niliogopa kumuuliza.

Nimehesabu funguo. Umepungua mmoja, wa namba tano, chumba chake cha siku zote. Nikapanda kuangalia. Kitupu, shuka halijaguswa. Hamisi kasema alimwona Mama Salima akiutoa kwenye msumari, akautia mkobani. Kaniuliza kama apeleke kitasa kwa fundi, tuchonge mwingine.

Nimemwambia aache.