Kaa Kwanza

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila moyo hauna raha.

Karakana hii ni kubwa na makochi yanatoka mbiombio. Nilianza na desturi yako, kila kochi nalikalia kabla halijaenda kwa mwenyewe. Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wameniita Mama Mapumziko! Nikaona haya, nikaacha. Jana mzee mmoja alirudisha kochi, msumari ulimchoma. Na ndiye aliyeomba radhi, eti labda alikaa vibaya. Nilitaka kumwambia kosa ni letu, nikaishia kuung'oa msumari. Niambie nifanye nini.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, nimeuzoea kama jirani mwenye kelele. Wewe unakula lakini?

Hilo jina zuri, mimi waliniita mvivu. Kukalia makochi hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa mwoga, mteja akiguna tu natetemeka. Nikaanza kukaa ili nijue mwenyewe kama kazi ni nzuri, na tangu hapo sikumwogopa mtu. Siwezi kukuamulia, maana kibarua ni chako na njaa ni yako. Ila najua nilimlea nani.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, tena sijambo kweli.

Kibarua kimeota nyasi. Alikuja mama mmoja mjamzito kuchukua kochi la kunyonyeshea. Bosi akasema, "Funga nailoni, apakie." Nikalikalia. Mguu wa nyuma ukalia kwaa! Nikasema mbele ya wote, "Hili halitoki leo." Shangazi, sauti haikutetemeka hata kidogo, mpaka nikageuka kuangalia ni nani aliyesema. Bosi akajibu, "Basi utatoka wewe."

Nilipofika chumbani nililia, nikajifunika shuka. Nilipomaliza kulia nikajiona mwepesi. Sasa nashonea barazani pangu. Mteja wa kwanza unamjua? Yule yule fundi aliyenipa jina! Kaleta kiti cha mama yake, anakwepa macho yangu. "Mama Mapumziko, hiki ukikalie vizuri," akasema. Nilicheka, kisha nikajifuta machozi. Wa pili alikuwa yule mama, tumbo mbele.

Kazi bado ni chache na usiku nina wasiwasi. Lakini asubuhi naamka najua naamkia nini. Hiyo umenipa wewe, na sijawahi kukwambia asante. Asante, shangazi. Dereva wa lori anakuletea kiti nilichokutengenezea. Nimekikalia, nikainuka, nikakikalia tena.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tele. Kiti kimefika salama, dereva kakishusha kama anabeba yai.

Unanijua, nilitafuta kosa. Nilikipindua, nikapapasa chini, nikakitikisa miguu yote, jirani akidhani nimerukwa na akili. Mwisho nikakaa. Kosa nimelipata, tena kubwa. Sikutaka kuinuka, chai ikachemka jikoni mpaka ikakauka na sufuria ikaungua. Mgongo umenyamaza, mwanangu. Umri wote huu nakalia makochi ya watu, nayapeleka kwao. Hiki nimekikalia na hakiendi popote.

Asante. Barua hii naandika nikiwa humu humu kitini, na sufuria naiacha iloweke.

Shangazi yako