Sare ya Kwanza ya Binti Yangu

Shikamoo Shangazi. Nimekusoma gazetini tangu sijaolewa na sikudhani siku moja nitakuandikia, lakini yamenifika shingoni, naomba unisaidie. Mimi ni fundi cherehani, kazi niliyofundishwa na mjomba, kaka yake mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mkasi, na utamu wote wa utoto wetu ulikuwa kwenye kibanda chake, Shangazi, tukitoka shule tunakimbilia huko, redio inaimba, yeye anakanyaga cherehani huku akitutania kwamba tunakua upesi kuliko vitambaa vinavyofika dukani, anatugawia vipande tuvalishe wanasesere, na shule zikikaribia kufunguliwa kila mtoto wa ukoo anapandishwa juu ya kreti la soda apimwe, maana kwetu sare ya kwanza lazima ishonwe na mjomba, naye aliacha upindo mpana akisema, "Ukirefuka tutashusha." Hadi leo nikinusa kitambaa kipya machozi yananilenga.

Halafu mdogo wangu, akiwa darasa la tano, alimwambia mwalimu wake mambo ambayo mjomba alikuwa akimfanyia mle kibandani sisi wengine tukishaondoka. Mjomba alikiri mahakamani, akafungwa. Kabla hajakamatwa mtaa uliwaka, cherehani ikatupwa barabarani, watu wakaja na petroli wamchome, na waliopiga kelele kuliko wote ndio baadaye waliowakataza watoto wao kucheza na mdogo wangu. Alipomaliza shule alihamia mbali. Simu hupiga, ila nyumbani haji.

Sasa mjomba katoka. Mama kafurahi hadi kakipaka kibanda rangi, na majirani walewale wanamwambia, "Fundi, tulikukosa, hawa wa siku hizi wanatushonea magunia!" Binti yangu anaingia darasa la kwanza shule zikifunguliwa, na mama kasema, "Mpeleke kwa babu yake akapimwe. Kifungo kimeisha, unataka afungwe mara ngapi?" Mume wangu hataki hata kulisikia jina lake. Mimi, Shangazi, namchukia na nimemkumbuka, vyote kwa pamoja, nikipita pale nikasikia cherehani miguu inapunguza mwendo yenyewe. Mama ameapa nikikataa hatakanyaga kwangu. Je, nikikaa palepale wakati anampima, kuna ubaya gani?

Fundi wa kike, nimekwama

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hayo machozi usiyaonee aibu, ulipendwa pale kibandani na utoto wako ni wako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mdogo wako alisimama juu ya kreti lilelile, akasikia redio ileile, na katika barua yako nzima hujaniambia yeye anasemaje. Umeniambia ya mama, ya mume, hata ya majirani!

Unauliza ubaya gani ukikaa palepale. Ubaya ni kwamba binti yako ataona mama anacheka na yule mtu, aamue kuwa ni mtu wa kuaminiwa. Siku nyingine hutakuwepo. Kifungo kimeisha, sawa, lakini hilo halimrudishii mtu futi ya kupimia watoto. Mwambie mama yako hivyo, kwa heshima, na usirudi nyuma.

Majirani zenu nao wananichosha. Jana petroli, leo "tulikukosa," na katikati hapo hakuna hata mmoja aliyepiga hodi amuulize yule mtoto ameamkaje. Mimi sisemi mjomba afukuzwe. Akifukuzwa ataenda asikojulikana, na huko pia kuna watoto. Akae mnapomwona, ashone mapazia na suti za watu wazima, tena mbali na njia ya wanafunzi, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa mtu kwenda dukani. Kesho asubuhi nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, kisha kwa mwalimu mkuu. Wazazi waliohamia mtaani juzijuzi waelezwe pia, bila kelele. Mume wako mwambie kuziba masikio si ulinzi; kaeni wote wawili na binti yenu, mumwambie mwili wake ni wake, na mtu mzima akimpa siri ya kuficha aje nayo kwenu mbio.

Mama akisusa, mwache asuse. Yule ni kaka yake, inamuuma. Wewe endelea kumpelekea chakula mlangoni.

Sare mshonee mwenyewe. Kwani wewe si fundi? Mpandishe juu ya stuli, mtanie, acha upindo mpana. Hayo yalikuwa mazuri na una haki ya kuyarithi. Ila kabla hujakata kitambaa, mpigie mdogo wako. Usimuulize la kufanya kuhusu mjomba, amechoka. Mwambie kwamba binti yako anaanza shule na anamtaka mama yake mdogo awepo, kwamba kwako mjomba hakanyagi, na kitanda umeshakitandika.