Jumamosi za Ishmael

Hospitali ya Misheni, Nyamira
Jumanne, 3 Juni 1975

Baba Obadiah,

Hujambo mume wangu? Miguu imeacha kuvimba? Mimi mzima, ila usingizi tu. Mvua ya huku kwenu haijui kupumzika. Majani ya chai yanafurahi, nguo zangu hazikauki.

Umeniuliza zamu zetu zikoje, tulinganishe. Haya. Madaktari tuko wawili tu, Daktari Mkuu na mimi mwanagenzi wake. Usiku wa zamu ya kwanza nalala wodini, kama huko ni kulala. Usiku unaofuata ni zamu ya pili: nalala chumbani kwangu, lakini nisiende mahali ambapo kengele ya hospitali haisikiki. Halafu narudi kule kule. Jumapili nikitoka kanisani napewa mchana, na hata mchana wenyewe ni wa kusikiliza kengele. Ndiyo maana Marani, nyumbani kwa mama yako, naisikia tu. Ninyi wanagenzi wa hospitali ya Kisii mko watatu, kila mmoja usiku wake wa tatu. Mnaishi kama wafalme! Sasa niambie, mfalme, mbona macho yalikuwa mekundu vile ulipopita hapa Aprili?

Obadiah anatimiza mwaka mwezi huu. Nilipomwachia mama yako Februari alikuwa wa miezi minane, ananyonya bado. Wewe unamwona kila Jumamosi ukienda kanisani kwenu. Mimi sijamgusa tangu siku ile. Mlete Jumapili moja, Manasseh, hata kwa saa moja tu. Sina raha. Nikisikia mtoto wa mtu analia kwenye foleni, mkono unaacha kuandika.

Mkeo,
Drusilla


Kisii
Ijumaa, 6 Juni 1975

Mama Obadiah,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu anayeandika akiwa amesimama, maana akikaa atalala. Afya ipo. Mtoto ana meno sita na anauma.

Ufalme wetu huu usiuonee wivu. Ni kweli tuko watatu, lakini mimi ni Msabato, na hospitali haijui Sabato. Kwa hiyo nimepatana na Ishmael, yule Mkatoliki wa Suneka tuliyesoma naye. Kila Jumamosi ya zamu yangu ananifanyia yeye. Mimi namrudishia kwa kukaa zamu kila Jumapili na usiku wa kila Jumatano. Ukijumlisha, nakesha karibu kila usiku wa pili.

Basi unaona nilivyobanwa. Jumamosi niko huru, lakini mama hawezi kukubali mjukuu asafirishwe siku ya Sabato. Jumapili mtoto angesafiri, lakini mimi niko zamu. Na kumwambia mama kwamba Jumamosi nitafanya kazi, nisifike kanisani, hilo siwezi. Ametulea akiwa mjane, kwa ndizi na shamba la chai, na Marani yote ameitangazia kwamba hospitali imempa mwanawe Sabato yake. Ananiwekea nafasi benchi la mbele.

Ingawa ukweli ni kwamba hapo benchini nasinzia. Juzi mzee wa kanisa aliniomba nifunge ibada kwa sala. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Vidonge viwili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula." Waumini wakaitikia amina.

Vumilia mpaka Desemba, uanagenzi utakuwa umekwisha.

Mumeo,
Manasseh


Nyamira
Jumanne, 10 Juni 1975

Baba Obadiah,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, nimekasirika.

Desemba! Ikifika Desemba mtoto ataniamkia kama mgeni. Yaani wewe unanunua Jumamosi kwa bei ya Jumapili na usiku wa Jumatano, kisha unaipeleka kanisani ukailalie? Na Jumapili yenyewe ndiyo yangu. Umeitoa bila hata kuniuliza.

Nimesikia mtoto ameanza kuita watu. Mama yako anamwita "baba", kwa kuwa kwa Ekegusii chenu ndivyo mama anavyoitwa, na wewe "tata". Vizuri sana. Mimi hana haja ya kunipa jina, hanioni.

Sikiliza, sitarudia. Mwezi huu ukiisha kabla sijamshika mwanangu, nitamwambia Daktari Mkuu naacha. Najua maana yake. Mwaka huu ukikatika sipewi leseni, na baba yangu kule Taita aliuza ng'ombe wake wote ili nifike hapa. Najua yote hayo na bado nitaacha.

Mkeo,
Drusilla


Kisii
Jumatatu, 16 Juni 1975

Mke wangu Drusilla,

Pole. Pole tena. Nakujulia hali huku naona haya.

Juzi baada ya ibada nilimfuata mama jikoni. Nilijikaza nikamwambia Jumamosi ijayo sitakuja, niko kazini. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Na hizi zote zilizopita, wagonjwa alikuwa anawatibu nani?"

Nikamweleza habari za Ishmael. Ehe, mke wangu, hapo ndipo nilipokiona!

"Kwa hiyo wewe umepumzika juu ya mgongo wa mwana wa mtu? Amri inasema apumzike hata mtumwa, hata punda. Huyo Ishmael amekuwa nani wako, asiyefika hata punda? Na nani alikwambia homa inangoja jua lizame? Yesu mwenyewe aliponya watu siku hiyo hiyo, wakamnung'unikia watu kama wewe!"

Mimi nilidhani nazishika Sabato hizi kwa ajili yake. Yeye alidhani wakubwa wetu wamenisamehe kazi. Hatukuwahi kuulizana. Kisha akauliza pole pole, "Na mama wa mtoto, yeye anapumzika lini?"

Tarehe 21 nafanya zamu yangu mwenyewe. Ishmael ameruka kwa furaha, anakwenda kumwona mchumba wake. Jumapili tarehe 22 tunakuja. Mama anakuja pia, anasema hawezi kumpa mtoto mtu anayesinzia.

Mumeo,
Manasseh


Kisii
Jumatano, 25 Juni 1975

Mama Obadiah,

Uko salama? Tangu Jumapili sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako, na hapa kazi haifanyiki.

Uso wako mtoto alipokupigia ukelele na kujificha kwenye gauni la mama, mimi siwezi kuusahau. Hata dakika kumi hazikupita, kengele ikalia, ukaitwa kumpasua yule mama aliyeshindwa kujifungua. Nilingoja mpaka gari la mwisho la Kisii. Mama alikataa katakata kupanda. Alisema niende na usingizi wangu, yeye na mtoto wanabaki.

Yuko huko bado? Mnaelewanaje, yeye Kiswahili chake ni cha sokoni na wewe Ekegusii huna? Drusilla, umeshamwambia Daktari Mkuu? Mwezi unaisha. Nijibu hata kwa neno moja.

Mumeo,
Manasseh


Nyamira, wodini
Jumatatu, 30 Juni 1975

Mume wangu Manasseh,

Usiwe na wasiwasi, wote tu wazima. Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini.

Mama yako yuko. Analala kitandani kwangu na mtoto, mimi mkekani. Huku watoto hawaruhusiwi, lakini Sista Mkuu amepita mara mbili akajifanya haoni nepi kwenye kamba. Kuelewana, tunaelewana kwa mikono.

Huyu mama, Manasseh, amepanga zamu kuliko hospitali zote mbili! Nikiwa wodini mtoto ni wake. Nikifungua mlango tu, yeye anachukua jembe lake la kuazima na kutoka, anakwenda kulima bustani ya masista, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka akakauka sauti, akimwita. Nilimwona mama yako kupitia dirisha, amesimama kwenye migomba, kanga mdomoni, haji. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilimchukia, nakwambia kweli. Siku ya tatu mtoto alichoka, akaja mwenyewe akakaa miguuni pangu, kanipa mgongo. Sikuthubutu kupumua. Juzi alikula mkononi mwangu.

Daktari Mkuu sijamwambia kitu.

Leo jioni nilivaa koti langu nije zamu. Mama alikuwa amembeba pale mlangoni. Nikaaga, nikapiga hatua mbili, nikasikia kilio. Nikageuka kumwambia mama amtulize. Mtoto alikuwa anajipinda mikononi mwake, anasukuma kifua cha bibi yake kwa magoti, mikono yote miwili ameninyooshea mimi. Mama yako anacheka, machozi yanamtoka, ananifukuza kwa mkono niende kazini. Baba Obadiah, nimesikika nikilia mpaka wodi ya wanaume. Amenililia mimi.

Mkeo,
Mama Obadiah