Hakuna Kilichofutika

Jumatatu, 3 Machi 1986
Kazini mapema. Nimepangusa vumbi, nimewasha kompyuta, nimepakia diski. Hata chai sijanywa, kelele zimeanza. Oda za zahanati zimefutika. Zote za leo. Lori la dawa limesimama nje ya ghala, tupu.

Ni Mama Njeri, karani wetu wa oda. Miaka yote alipiga tapureta, mwaka huu wakamhamishia kwenye kompyuta. Alitaka kurekebisha oda moja tu. Hakukumbuka amri inaandikwaje, akaiomba programu maelezo. Ikamtupia mstari mmoja wa Kiingereza, mabano na vistari vitupu. Akakisia. Vibaya.

Bwana Kamau, meneja, amemfokea mbele ya wapakiaji. Mtu wa rika la mama yangu. Nimeona uchungu.

Jumanne, 4 Machi
Tumekusanya oda upya kwa simu, zahanati moja moja. Sauti imenikauka.

Meneja ametoa neno: Ijumaa Mama Njeri atafanya kazi yeye akimtazama. Akikosea, aende nyumbani. Mumewe hajatoka kitandani tangu aumie kiwandani. Ataenda nyumbani kufanya nini?

Mtunzaji wa programu ni mimi. Nimemwomba meneja ruhusa nibadilishe yale maelezo, niyaandike kwa Kiswahili.

"Adhiambo, hii ni ofisi, si darasa la ngumbaru."

Nina hasira. Nitabadilisha.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe si kazi kubwa. Maneno yamewekwa kwenye faili yake peke yake, programu inayasoma tu na kuyatoa. Nikaandika kila ninachokijua.

Nikajaribu. Aibu. Maelezo marefu mno, mistari ya juu ikapanda ikapotea kabla sijaisoma. Na onyo la kufuta nililiweka huko juu!

Nimeanza upya. Kwanza kile mtu anachohitaji, halafu mfano mmoja. Basi.

Kila mlango ukifunguka nafuta skrini. Meneja akinikuta, tunafukuzwa wawili, mimi na Mama Njeri.

Alhamisi, 6 Machi
Saa ya chakula, meneja katoka. Nimemketisha Mama Njeri ajaribu. Alipokosea, skrini ikatoa maneno yangu, "hoja batili". Akacheka, mara ya kwanza wiki hii.

"Adhis, huko mtaani kwetu Umoja nani anaongea hivyo? Hata pasta hawezi."

"Sasa niandike nini, mama?"

"Niambie nimekosea wapi. Halafu niambie kama nimeharibu kitu. Hiyo ndiyo ninayoiogopa."

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nikieleza mashine. Nimefuta, nimeandika alivyosema. Tumemaliza meneja akiegesha gari.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kutazamwa.

Meneja alivuta kiti nyuma ya Mama Njeri kabisa. Mimi mlangoni. Oda ya kwanza, sawa. Iliyofuata, sawa. Halafu akaambiwa ahamishie oda ghala lingine. Akabonyeza. Mashine ikalia.

"Hujaandika jina la ghala. Hakuna kilichofutika. Andika amri, namba ya oda, kisha jina la ghala." Na mfano chini yake.

Mama Njeri akasoma kwa midomo. Akashusha pumzi. Akaandika tena, polepole. Oda ikahama.

Meneja akainama karibu na skrini.

"Nani ameandika haya?"

"Ni mimi."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, ulinikataza."

Akaikazia macho ile skrini. Nikajua nimekwisha. Akamwambia Mama Njeri aendelee na kazi, mimi akaniita ofisini. Nimepewa barua ya onyo. Maelezo ya oda yabaki yalivyo. Programu nyingine nisiguse bila yeye kujua.

Nimelia chooni. Si huzuni. Ni woga wa wiki nzima.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Nguo nilizofua hazikauki. Jirani anaongeza chumba, mafundi wameacha mawe wakajificha chini ya bati. Dada yangu amepika omena. Ameuliza kazi iko vipi. Nimesema ipo.

Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi. Kuamka, mvua imekatika na watoto wanacheza mpira kwenye matope. Nimekaa dirishani nikiwatazama mpaka mama zao walipowaita.