Nyumba Yako Iliyo kwa Jina Langu

Rafiki yangu Marwa,

Ni mimi Saidi, fundi cherehani wako. Ningeanza kwa salamu lakini sina uso wa kukusalimia, basi niseme lililonikaa kooni: juzi nilipokea kodi ya chumba kutoka kwa mkeo.

Mwaka sasa tangu homa ile ikuchukue kwa siku nne tu, na bado hakuna ajuaye kwamba nyumba ya vyumba sita hapa mjini Tarime ni yako. Ulikuwa katibu tarafa, na masharti ya uongozi yalikukataza kuwa na nyumba ya kupangisha. Uliingia dukani kwangu, ukafunga mlango, ukacheka: "Tuandike jina lako, Saidi. Wewe si kiongozi wa kitu chochote, hata mbuzi wako wanakushinda." Uliuza ng'ombe wanane tukapata msingi na matofali. Fedha zilizopungua tulikopa benki kwa jina langu, na rehani ikawa nyumba hii ninayoishi, niliyoachiwa na marehemu baba. Mimi na wewe hatukuandikiana hata kikaratasi. Tulisema, ndugu kwa ndugu karatasi ya nini?

Raha tuliiona, siwezi kukataa. Vyumba vilijaa: nesi, mwalimu, karani wa ushirika. Kodi ililipa benki, kilichobaki tukala nyama, nawe ukajisifu kwamba nyumba inajilipia yenyewe.

Kisha ukafa. Kwenye matanga kijijini kwenu Nyamwaga nilikaa na wazee wakihesabu ng'ombe wako, shamba lako, mpaka redio yako. Mmoja akauliza, kuna kitu kingine? Nikatazama chini. Nilijiambia kwamba nikitaja tu, mdogo wako Mwita ataichukua na mkeo hatapata hata kizingiti. Ni kweli angeichukua. Lakini Marwa, hiyo siyo iliyonifunga mdomo. Niliitamani. Wallahi niliitamani!

Tamaa yenyewe haikunifaa kitu. Ilipokuja amri ya watu kuhamia vijijini, wapangaji wetu nao wakapelekwa huko kufanya kazi, mmoja baada ya mwingine. Vyumba vinne vikabaki vitupu, na benki haijui chumba kitupu. Wameniandikia mara mbili: nisipolipa, watauza nyumba yangu. Nashona mpaka macho yananitoka machozi, na bado haitoshi.

Ndipo akaja mkeo Bhoke. Mwita alitaka kumrithi, Bhoke akamkataa, ndugu zako wakamfukuza na watoto na sufuria mbili. Alisimama mlangoni pangu. "Shikamoo shemeji. Nasikia una vyumba. Nipangishie kimoja, nitauza ndizi, nitalipa." Akafungua fundo la kanga, akanihesabia kodi ya mwezi mzima. Nikapokea! Mkono huu huu unaokuandikia. Akanishukuru, akasema ulikuwa ukimwambia mimi ndiye ndugu yako wa kweli.

Sitakudanganya kwamba nimekuwa mtu mwema ghafla. Naogopa. Nikisema, deni litabaki kwangu, na huenda nikakosa pa kulala uzeeni. Lakini nakuahidi hivi: Jumapili, Bhoke akitoka kanisani, nitaketi naye mbele ya mashahidi wawili nimsomee barua hii yote, pamoja na pale nilipoandika niliitamani. Kodi yake nitamrudishia. Kisha tutakwenda kuiandika nyumba kwa jina lake yeye, siyo la Mwita. Akitaka, deni tutalilipa pamoja kutoka kwenye kodi za wapangaji. Asipotaka, nitalibeba mwenyewe, maana sahihi ni yangu. Akinitemea mate, nitajifuta.

Kwaheri, Marwa. Usinitetee kwa Mungu mpaka uone nimebisha mlangoni kwake. Yuko chumba cha mwisho, kile kinachovuja. Vitatu vizuri vilikuwa vitupu, nami nikampa hicho.

Saidi